Nani Mwenye Kisima?

Ugomvi juu ya vifaa vinavyokamata moto wa umeme, na mambo ya nyumba zetu

Usiku mmoja wa wakati wa mvua kuran ilirudi saa saba ya usiku, kisha siku mbili za delestaji. Katika site nzima watoto walipiga kelele za furaha, sawasawa na desturi yetu. Katika nyumba ya jamaa moja ya kanisa letu, fili ya ralonji ilipita chini ya mkeka mpaka kwenye konjelateri ya mama anayeuza samaki na maji baridi. Fili ile ilikuwa imekatika zamani. Waliiunganisha kwa mkono na kuifunga skochi. Mbele ya saa nane godoro lilikuwa linawaka.

Watoto wanne walitolewa nje. Watatu walikuwa wazima. Wa nne, msichana wa miaka sita, alilala hospitali wiki saba, na mkono wake wa kuume hautafunguka tena vizuri.

Nilipokwenda kuwasalimia, mama hakuniuliza sababu gani Mungu aliruhusu jambo lile. Aliniuliza neno moja tu: "Pasta, disyonkteri ilikuwa pale. Tulilipa fundi. Juu ya nini haikukata?"

Sikuwa na jibu. Nilimwendea mzee mmoja wa kanisa ambaye amefanya kazi ya umeme katika mgodi miaka mingi. Akanieleza mambo nitakayowaandikia hapa, kisha akasema: "Kule Marekani kuko kifaa kinachoweza kuona moto wa namna hii mbele haujawaka." Kijana mmoja wa kwaya alikuwa anasikiliza karibu yetu. Akadakia kwa hasira: "Bale bantu beko na breveti. Beko banapelekana ku korti juu ya ile kintu, na shiye tunalungula."

Je, kijana alisema kweli? Swali hili lilinifuata siku nyingi. Tulitazame pamoja bila haraka.

CHECHE INAYOJIFICHA

Disyonkteri ya kawaida inajua kazi mbili. Ukiweka mizigo mingi kwenye fili moja, yaani resho, pasi na konjelateri pamoja, inakata. Tena fili mbili zikigusana na kufanya kursirkwi, inakata. Katika mambo yote mawili umeme mwingi kupita kiasi unapita, na disyonkteri inauona.

Lakini kuko ubaya wa tatu. Fili ikikatika nusu, au skrubu ya prizi ikilegea, umeme unaruka ile nafasi ndogo kwa cheche. Mafundi wanaiita arki. Joto la arki linafika maelfu ya digri, linachoma plastiki ya fili, kisha mkeka, kisha godoro. Na umeme unaopita pale hauzidi ule ambao konjelateri inaomba kila siku. Disyonkteri ni kama santineli aliyewekwa mlangoni kuhesabu watu wanaoingia. Hesabu ikiwa sawa, anatulia, hata kama mwizi ni mtu wa nyumba. Ndiyo sababu haikukata kwa yule mama. Haikuharibika. Kazi ile si yake.

Kifaa cha kukamata arki kinafanya kazi nyingine. Ndani yake kuko elektroniki ndogo inayosikiliza mwendo wa umeme. Huku kwetu umeme wa nyumbani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde moja, kwa mwendo ulionyoka. Arki inauchafua mwendo ule, unatetemeka na kukatika-katika. Kifaa kikisikia hivyo, kinakata. Ugumu ni huu: mota ya mashine ya kutoboa ina cheche zake, na ukizima taa kuko cheche kidogo. Kifaa kikikata kila mara mtu anapozima taa, watu watakitupa. Kutenganisha cheche nzuri na cheche mbaya, pale ndipo mayele yote yalipo. Na pale ndipo breveti nyingi zilipoandikwa.

KAKA YAKE ALIANZA MGODINI

Kifaa hiki kina kaka yake mkubwa, ambaye mafundi wetu wanamwita diferansieli. Yeye halindi moto kwanza, analinda mtu. Anapima umeme unaokwenda na unaorudi. Kama kidogo kimepotea njiani, labda kinapita katika mwili wa mtu, anakata upesi.

Habari yake inatuhusu sisi watu wa migodi. Katika Afrika ya Kusini, mwaka wa 1955, fundi mmoja jina lake Henri Rubin alitengeneza mashine ya kukata umeme unaopotea, ikawekwa katika migodi ya dhahabu. Ilikata wakati miliampere 250 zimepotea. Kwa mashine za mgodi ilikuwa hatua kubwa, lakini kwa moyo wa mtu miliampere 250 ni kifo. Mwaka wa 1956 alitengeneza nyingine yenye kusikia kidogo sana, akaiandikia breveti. Katika miaka ya 1957 na 1958, kisha watu kadhaa kuuawa na vyombo vya umeme nyumbani, vifaa vya miliampere 20 viliwekwa katika nyumba za kijiji cha mgodi wa Stilfontein. Ndugu zangu, kilinzi hiki kilikuwa katika nyumba za mgodi wa Afrika mbele ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani kukijua.

Katika Marekani profesa Charles Dalziel wa chuo kikuu cha Berkeley alipima watu waliojitolea: umeme wa kiasi gani unamfanya mtu ashindwe kuachilia fili aliyoishika? Aliona ni karibu miliampere 16 kwa wanaume, na 10 na nusu kwa wanawake. Balbu moja ya wati 60 inakula karibu miliampere 270. Basi umeme unaokufunga mkono ni mdogo mara nyingi kuliko ule wa balbu moja. Disyonkteri ya ampere 16 haiwezi kuuona. Dalziel alitengeneza kifaa chake mwaka wa 1961, akapewa breveti mwaka wa 1965.

Mdogo mtu, yule wa arki, alikuja nyuma. Viwanda vikubwa vya Marekani vilimfanyia kazi katika miaka ya 1990. Kanuni ya umeme ya nchi ile, toleo la 1999, iliagiza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2002 prizi za vyumba vya kulala katika nyumba mpya zilindwe naye. Mwaka wa 2008 agizo lilienea karibu vyumba vyote vya kukaa. Wajenzi wa nyumba walilalamika juu ya bei. Na tuseme haki: katika kamati zinazoandika kanuni ile wamo pia watu wa viwanda. Sheria ikisema kila mtu anunue, na wenye kutengeneza ni wachache, si ajabu watu waulize nani anafaidika.

VISIMA VYA ISAKA

Sasa, breveti ni nini? Fungua Biblia yako, Mwanzo 26. Watumishi wa Isaka walichimba katika bonde wakapata maji yanayobubujika. Wachungaji wa Gerari wakaja, wakasema maji ni yao. Isaka akakiita kisima kile Eseki, maana waligombana naye. Wakachimba cha pili, ugomvi tena, akakiita Sitna. Wakachimba cha tatu, na hapo hakuna aliyegombana. Akakiita Rehobothi, maana Mungu aliwapa nafasi.

Kila upande ulikuwa na neno lake. Mmoja alisema: jasho ni letu. Mwingine alisema: bonde ni letu. Ugomvi wa breveti ni wa namna hiyo.

Breveti ni mapatano kati ya mvumbuzi na serikali. Mvumbuzi anaandika siri yake yote, wazi, pamoja na michoro, hata fundi mwingine aweze kuisoma na kuifanya. Serikali nayo inamjengea ugo: kwa muda wa miaka, mtu mwingine asitengeneze wala kuuza kitu kile bila ruhusa yake. Katika nchi nyingi leo ni miaka 20, kuhesabu tangu siku alipoomba. Muda ukiisha ugo unaanguka, na kisima kinakuwa cha wote. Tena ugo wa nchi moja hauna nguvu katika nchi nyingine, kama mwenyewe hakuuomba huko. Sisi pia katika Kongo tuna sheria ya mambo haya, ya tarehe 7 Januari 1982.

Wengine wanafikiri breveti ni kufuli la kuficha mayele. Kumbe ni kinyume. Anayetaka kuficha haandiki breveti, ananyamaza na siri yake. Na ni haki mvumbuzi apate kitu. Maandiko yanakataza kumnyima mfanyakazi mshahara wake, na aliyekesha miaka mingi juu ya meza ya majaribio ni mfanyakazi vilevile kama anayeshika sururu.

ESEKI NA SITNA ZA SIKU HIZI

Ugomvi unaojulikana sana ni juu ya yule kaka mkubwa. Nitawaeleza kesi mbili.

Mwaka wa 2007 kampuni ya Marekani inayoitwa Pass & Seymour ilishitaki viwanda kadhaa vya China mbele ya tume ya biashara ya serikali, kule Washington. Ilisema vifaa vyao vinafuata breveti zake bila ruhusa. Mwezi wa Machi 2009 tume ikaamuru vifaa fulani visiingie Marekani. Wachina wakakata rufaa. Mwezi wa Agosti 2010 korti ya rufaa ikavunja sehemu ya uamuzi ule na kuacha sehemu nyingine. Korti haikusema hawa wote ni wezi, wala haikusema wale wote ni wenye haki. Ilichukua kifaa kimoja kimoja, ikatazama sehemu zilizo ndani na maneno ya breveti. Hukumu ya kweli inakwenda hivyo, polepole. Sisi tunapenda kuhukumu kwa kuangalia mtu ametoka wapi.

Kesi ya pili ni ya kampuni Leviton, ya Marekani pia, na General Protecht ya China. Leviton ilishitaki kuanzia mwaka wa 2004, katika jimbo la New Mexico. Neno lilihusu mbinu ya kulinda watu wakati fundi amegeuza fili, ameweka zile za kuingia mahali pa zile za kutoka. Mwaka wa 2007 walipatana. Leviton iliahidi kutoshitaki tena vifaa vile kwa breveti fulani. Kisha, mwaka wa 2010, ikashitaki tena, kwa breveti nyingine mpya. Lakini breveti zile mpya zilikuwa watoto wa zile za zamani, zilizaliwa katika maandishi yaleyale. Mwezi wa Julai 2011 korti ya rufaa ikasema hapana: uliyoyatoa kwa mkono wa kuume, usiyanyang'anye kwa mkono wa kushoto.

Mimi niliposoma kesi hii nilifikiri mahubiri yote niliyotoa juu ya Bwana Yesu alivyotuagiza ndiyo yetu iwe ndiyo kweli. Ahadi inafunga hata tajiri mwenye mawakili ishirini.

KIJANA ALISEMA KWELI?

Turudi kwa kijana wa kwaya. Kwamba wanapelekana korti, ni kweli. Kwamba kifaa cha arki kina bei kuliko disyonkteri ya kawaida, na si rahisi kukiona katika masoko yetu, ni kweli. Lakini kwamba breveti ndiyo iliyomchoma yule msichana, hapana.

Hesabu mwenyewe. Breveti ya Rubin ni ya 1956, ya Dalziel ni ya 1965. Ugo wao ulianguka zamani, vijana wengi wa leo hawajazaliwa. Diferansieli ni kisima cha wote. Hakuna atakayekushitaki kwa kuiweka nyumbani mwako. Je, iko nyumbani mwako? Hata breveti za arki zilizoombwa mbele ya mwaka wa 2000, miaka 20 imekwisha kupita. Zilizobaki ni za maendeleo mapya. Na tangu mwaka wa 2013 tume ya kimataifa ya mambo ya umeme, IEC, imetoa kanuni ya kifaa cha arki kwa umeme wa namna yetu, ili viwanda vya nchi yoyote vijue namna ya kukitengeneza na kukijaribu.

Basi nani alizuia maji? Kumbuka jambo moja katika Mwanzo 26. Mbele ya ugomvi wa bonde, Isaka alikuta visima vya baba yake Ibrahimu vimezibwa kwa udongo na Wafilisti. Maji yalikuwako, lakini hakuna aliyeweza kunywa. Ninaogopa kwamba kwetu udongo ni mwingi kuliko ugo.

Udongo wa kwanza ni ukosefu wa makuta, na Mungu anajua. Sitamhukumu mama anayechagua kati ya unga na disyonkteri. Udongo wa pili ni vifaa vya uongo. Mzee wetu alinifungulia disyonkteri moja ya sokoni, yenye jina kubwa mbele yake. Ndani, sehemu inayopaswa kukata kursirkwi haikuwako kabisa. Mtu aliiba jina la kampuni, lakini zaidi aliiba usingizi wa mwenye nyumba. Wewe kijana unayeuza vitu hivi na kujitetea kwamba unamdanganya tajiri wa mbali tu, ujue anayelala chini ya kitu kile ni jirani yako. Udongo wa tatu ni uzembe wetu wenyewe.

UKINGO WA DARI

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu anaamuru mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Angalia: hakungoja mtu aanguke. Na Kutoka 22:6 inasema aliyewasha moto ukala nafaka ya mwingine, alipe. Mungu anajali usalama wa nyumba. Kuangalia fili si ukosefu wa imani.

Basi bamama, bababa, na ninyi vijana, mfanye haya yasiyohitaji breveti ya mtu yeyote.

Fili iliyokatika usiifunge skochi na kuipitisha chini ya mkeka au godoro. Nunua nyingine, au iunganishwe na fundi kwa kifaa cha kubana, ndani ya sanduku lake. Prizi ikiwa ya moto mkononi, ikilia kama mafuta kwenye sufuria, ikinuka plastiki, au taa ikitetemeka bila sababu, kata umeme wote na umwite fundi. Hiyo ni arki inayobisha mlangoni.

Wakati wa delestaji, chomoa vyombo. Kuran ikirudi, ngoja kidogo ndipo uchomeke kimoja kimoja. Fizibu ikiungua, usiweke kipande cha fili mahali pake. Hapo umemfunga santineli macho.

Kama mnaweza kukusanya makuta, diferansieli ya miliampere 30 iwe ya kwanza. Ina kidude cha kujaribu. Kisukume mara moja kila mwezi, na kama haikati, ujue imekufa. Umeme ukiwaka moto, usimwage maji. Kata kwanza kwenye kaunta, toa watu, funika moto kwa mchanga mkavu.

Nami niungame. Siku ile nilipotoka kwa mzee, niliangalia nyuma ya kabati yangu mwenyewe. Nikakuta skochi. Nilikwenda kanisani, chini ya jukwaa la kwaya, nikakuta skochi tatu. Miaka mingi nilikuwa nahubiri juu ya moto wa milele nikiwa nimesimama juu ya moto mwingine.

Jumamosi iliyofuata mzee na yule kijana walikwenda kwa mama. Waliondoa fili zote za zamani. Mashemasi walitoa fedha ya diferansieli moja. Kijana ndiye aliyefunga skrubu, na mzee akazijaribu moja moja kwa mkono wake. Msichana alikuwa amekaa mlangoni, mkono umefungwa kitambaa, anaangalia. Mama aliuliza kama sasa hatari imekwisha. Mzee akamjibu kweli: "Hapana, mama. Imepunguka." Kisha akamwonyesha kidude cha kujaribu, akamwambia: "Hii ni kazi yako, kila mwezi." Akakisukuma mwenyewe. Taa zikazimika, mama akacheka.

Kijana sasa anasoma michoro ya zile breveti za zamani kwa mzee, kila Jumatano kisha mazoezi ya kwaya. Ameniambia anataka siku moja kuchimba kisima chake. Nimemjibu: chimba, mwanangu, na ukiandike jina lako. Lakini miaka yako ikiisha, usikizibe kwa udongo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA KUNDI LA VIJANA

1. Isaka aliacha visima viwili vyenye ugomvi. Ni wakati gani inafaa kudai haki yako, na ni wakati gani inafaa kuondoka na kuchimba mahali pengine?

2. Mtu anayenakili kitu cha mwingine ili kuokoa maisha, na mtu anayenakili ili kuuza kitu kisichofanya kazi, wanafanana wapi na wanatofautiana wapi?

3. Usiku wa leo, mbele ya kulala, tembeeni nyumba nzima na buji au toroshi. Ni skochi ngapi mmekuta?